Kumi na Moja kwa Sekunde

Shida ya namba 11.2 ni udogo wake. Kitabu cha fizikia kinasema kitu kikirushwa kutoka ardhini, ili kitoke duniani kabisa kisirudi, lazima kirushwe kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Mwanafunzi anaisoma na kuipita kama bei ya kiberiti. Kumi na moja ni nini? Mchumaji wa Litein ana kilo kumi na moja za majani kwenye kikapu asubuhi mapema. Neno la kutisha hapo ni sekunde, na sisi hatuishi kwa sekunde. Tunaishi kwa saa.

Basi zidisha kwa 3,600. Inakuwa kilomita 40,320 kwa saa. Mpwa wangu, anayesoma sekondari huko Bomet, aliitazama hiyo namba, akaniuliza, "Sasa anko, hiyo ni mara ngapi ya matatu?"

Hilo ndilo swali la kweli. Matatu zetu zilifungwa vidhibiti mwendo kwa zile sheria za Michuki za 2004, na mwisho wake ni 80. Gawanya: mara 504. Kutoka Kericho hadi Kisumu ni karibu kilomita 80, saa nzima ukifuata sheria. Kwa kasi ya kutoroka ni sekunde saba. Makanga hajapokea hata nauli ya kiti cha kwanza.

Lakini roketi yenyewe haiondoki hivyo. Kitu kikienda kasi hiyo hapa chini, hewa ingekichoma. Roketi husukumwa kidogo kidogo, na kadiri inavyopanda ndivyo kasi inayohitajika inavyopungua. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco kule baharini karibu na Malindi, haikutoroka kamwe. Ilizunguka tu kwa takribani kilomita 27,000 kwa saa, na mwaka 1979 ikaanguka. Waitaliano walipenda pwani yetu kwa sababu ya ikweta: hapa dunia yenyewe inakusukuma mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, bure. Kericho pia. Mchai umesimama pale kilimani miaka na miaka, kumbe unakimbia.

Mpwa wangu alitaka sayari nyingine. Mwezi wetu: 8,600 hivi kwa saa. Mshtarii: zaidi ya 210,000. Hizo hazikumshika. Kilichomshika ni Deimos, mwezi mdogo wa Mirihi, ambako kasi ya kutoroka ni kama kilomita 20 kwa saa. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna mwaka 2019, kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, alikuwa anakwenda 21. Yaani ule mwendo wake, ukiweza kuupata kule, unatosha kuondoka na usirudi tena. (Kuupata ndiyo kazi, maana hatua ya kwanza tu ingekuinua juu na miguu ikabaki hewani.) Kwenye Phobos, ule mwezi mwingine, inahitajika kama 41. Omanyala na zile sekunde zake 9.77 za Kasarani, wastani wa karibu 37, angerudi chini.

Tulicheka sana hapo. Halafu nikamwambia upande wa pili, ambao vitabu huutaja harakaharaka. Kasi ya kutoroka ni kasi ya kuanguka pia. Jiwe likianza kuanguka kutoka mbali kabisa, bila kitu kingine cha kulivuta na bila hewa ya kulizuia, litafika ardhini na kilomita zilezile 11.2 kwa sekunde. Kila kasi ina kimo chake. Ile 80 ya matatu ni sawa na kuanguka mita 25, ghorofa ya nane. Hamsini ya mjini ni karibu mita 10. Na kimo hakiongezeki sawa na kasi: ukifanya kasi mara mbili, kimo kinakuwa mara nne.

Alinyamaza. Nilijua anawaza nini, kwa sababu watu wa huku tunawaza kitu kimoja. Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, lori liliacha barabara likaingia kwa magari na watu waliokuwa wanauza bidhaa zao kando ya lami. Walikufa watu wapatao hamsini. Hakuna aliyekuwa amepanda ghorofa yoyote.

Kesho yake alikwenda na rafiki yake wakapima kwa futi mita 50 kati ya vigingi viwili vya uzio wa shamba la chai, wakakaa kwenye ukingo na saa ya simu. Kwa 80, gari linapita hapo kwa sekunde 2.25. Matatu ya kwanza, 2.3. Ya pili, 2.4. Pikapu moja, ya mtu wanayemfahamu, 1.5. Akazidisha kwenye daftari, akaandika 120, na chini yake: mita 57.