Ua la Kitulo lina bei gani kwako?

Ungekuwa tayari kutoa shilingi ngapi ili kiumbe fulani kisitoweke duniani? Watafiti wa mazingira huwauliza watu swali hilo, na majibu hayafuati kipato peke yake. Mwenye nacho anaweza kukataa kutoa hata senti, na wa hali ya chini akataja kiasi kinachomuumiza. Inategemea pia kila mmoja anakitazamaje kiumbe chenyewe.

Katika nyumba moja ya Makambako swali hilo liliingia na karatasi ya shule: mchango wa safari ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kule Makete. Kitulo ilifanywa hifadhi mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, jambo la nadra Afrika, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina aina zaidi ya 40 za okidi, na huchanua msimu wa mvua.

Baba, fundi wa malori yanayokwenda Zambia, alisoma akacheka. "Nilipe hela mtoto akaangalie maua? Ingekuwa simba, sawa." Wazazi wengi wangesema hivyohivyo. Simba ana watetezi, ua halina.

Mkewe hakucheka. Ni mzaliwa wa Makete, na utotoni alipanda mlimani na shangazi yake kuchimba viazi vya okidi. Wanunuzi huvivusha Tunduma hadi Zambia, ambako hutwangwa, huchanganywa na karanga na kupikwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama nyama. Vimechimbwa kwa mamilioni. Ukitoa kiazi umeua mmea, na okidi hizo hazipandwi kama viazi mviringo vya Njombe. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, haioti bila kuvu maalumu wa kuilisha udongoni.

"Baba watoto, madaftari yangu ya darasa la tano yalitoka kwenye hayo maua," alimwambia mumewe. "Shangazi sasa hachimbi tena. Ile hela aliyokuwa anapata, nani anamrudishia?"

Hapo swali la watafiti linapwaya. Linahesabu kile mtu alicho tayari kutoa mfukoni. Shangazi akiulizwa atasema hana, na jina lake litaandikiwa sifuri, wakati kila msimu anaacha gunia zima mlimani. Jirani yake bado anachimba. Mtoto akipandwa na homa usiku na nauli ya kwenda zahanati haipo, ni vigumu kumwita mama huyo adui wa mazingira.

Mabishano yalifika hadi Njombe, kwa mama mzazi wa baba, anayelima viazi. Bibi hajawahi kufika Kitulo na hana mpango. Alituma shilingi 20,000 kwa simu: nusu ya mjukuu apande basi, nusu ya nauli ya magunia mawili ya mbegu ya viazi, yapelekwe kwa shangazi Makete kabla mvua hazijakatika.