Poly Styrene Jikoni kwa Mama

Mwaka 1978 soko la Brixton lilikuwa limejaa muhogo, bamia, viazi vikuu na pilipili mbuzi. Wachuuzi wengi walikuwa watu wa Jamaika, na mama yangu, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, alielewana nao kuliko alivyoelewana na majirani wetu wengine wowote London. Alikuwa akisimama mbele ya fungu la muhogo, anaukwaruza kwa ukucha kuona kama umelala, anapunguziwa bei, kisha anaondoka ameridhika. Tulikaa vyumba viwili karibu na Coldharbour Lane. Kutani kulikuwa na unyevu uliokuwa ukirudi kila baridi ilipoingia, hata upake rangi ya namna gani.

Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alfajiri alikuwa akiingia na harufu ya Dettol, anavua viatu mlangoni, anafukiza ubani chumba kizima, ndipo anasali. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kuoshwa. Penye kifundo cha kidole gumba palikuwa na ufa usiofunga, na kila siku kabla ya kulala aliupaka mafuta ya nazi yaliyoletwa na wageni kutoka pwani, polepole, huku akininung'unikia nikazane na masomo.

Mimi nilikuwa na miaka 14 na sikujua pa kujiweka. Wasichana wa Kijamaika shuleni waliniona Mwarabu, wa Kizungu waliniita jina lolote lililowajia, na mama alikuwa akinikumbusha kila asubuhi kwamba mimi ni Mswahili na nisisahau salamu. Mtaani palikuwa na hofu ya kweli. Agosti 1977 wafuasi wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, walikuwa wameandamana Lewisham, si mbali na kwetu, na watu waliojitokeza kuwazuia walipambana nao barabarani. Tangu siku ile nilikatazwa kutoka peke yangu baada ya magharibi. Kwa hiyo jioni zangu zilikuwa za ndani: vyombo, pasi, na televisheni ndogo ya rangi mbili iliyokuwa juu ya kabati la nguo.

Alhamisi moja ya Novemba, kwenye kipindi cha Top of the Pops, akatokea msichana mfupi mwenye ngozi kama yangu, nywele za kujisokota na waya za meno. Hakuzificha zile waya. Alipofungua kinywa zilimetameta, naye akazidi kukifungua. Aliimba polepole, sauti ikirudi mwangwi, juu ya kijana na msichana wanaopendana ilhali wanaogopa vijidudu: msichana anasafisha, anasugua, anapiga mswaki, hamalizi. Nilikuwa nimeshika shati la kazi la mama na pasi ya moto, nikalazimika kuiondoa pasi haraka.

Jina lake la jukwaani lilikuwa Poly Styrene, alilolitoa kwenye kitabu cha simu cha biashara alipokuwa akitafuta kitu cha plastiki. Jina lake hasa ni Marianne Joan Elliott-Said. Baba yake Msomali, mama yake Mwingereza mwenye asili ya Scotland na Ireland, na sehemu kubwa ya utoto wake aliishi Brixton. Habari hizo nilizipata gazetini baadaye kidogo, na zilinikaa moyoni kwa namna ambayo hata leo inanipa taabu kuieleza. Msichana aliyekuwa akiimba mbele ya nchi nzima alikuwa amepita vichochoro vyetu, amenunua vitu vyake katika soko letu, na damu yake ya upande mmoja ilitoka ng'ambo ya pili ya mpaka wa kwetu.

Nilikuwa nimeweka pesa ya mkono wa Idi ya Mfunguo Tatu, nikaongeza niliyopewa kwa kumwangalia mtoto wa jirani, nikanunua santuri. Inaitwa Germfree Adolescents, ya kundi lake, X-Ray Spex, na ilikuwa imetoka mwezi ule ule. Kwenye jalada wanakundi watano wamefungiwa ndani ya mirija mikubwa ya kioo, kama ile ya maabara, kila mmoja na wake. Nilililaza kitandani jalada lile nikalitazama kabla hata sijaigusa santuri yenyewe.

Muziki wa panki wa wakati ule ulikuwa magitaa matupu, lakini hapa palikuwa na saksafoni. Lora Logic, binti aliyeianzisha saksafoni katika kundi hili akiwa bado mtoto wa shule, alikuwa ameshaondoka. Kwenye santuri anapuliza Rudi Thomson. Haipambi wimbo saksafoni hii. Inabishana na mwimbaji, inamkata maneno, inamfuata nyuma kwa nguvu zile zile. Na juu yake sauti ya Poly: kali, nyembamba pembeni, nzito katikati, bila chembe ya kujilegeza ili apendwe. Nilikuwa nimelelewa nikiambiwa mwanamke apunguze sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia mwanamke akiipandisha hadi mwisho, kisha akaiacha huko huko juu.

Mama alinikuta naisikiliza Jumapili moja alipoamka. Yeye alikuwa na kanda zake za taarabu, za Zuhura Swaleh na Juma Bhalo, zilizokuwa zikisikilizwa jikoni mpaka utepe ukalegea. Alisimama mlangoni na kanga yake kiunoni, nikajua sasa nitaambiwa nizime. Alisikiliza hadi wimbo ukaisha.

"Ampiga nani kijembe huyu?" akauliza.

"Maduka, mama. Na matangazo ya biashara. Asema wanatufanya tununue kila kitu, hata sura zetu."

Akafikiri. "Haya, basi ana haki yake. Lakini mbona hampumzishi yule mpiga zumari?"

Kuanzia siku ile santuri ikaruhusiwa jikoni. Mama hakupata kuujua Uingereza wa magazeti ya muziki, wala hakuhitaji. Mtu wa Mombasa anajua kwamba wimbo unaweza kuwa na mtu anayelengwa, na kwamba mwimbaji shujaa ni yule anayelenga bila kutetemeka. Wimbo wenye jina la santuri, ule wa vijidudu, ndio aliousikiliza kwa makini zaidi. Nilipomfasiria, alitazama mikono yake, akasema wodini kwao wamo wauguzi wasioweza tena kula hadi waoshe mara ya pili na ya tatu, na kwamba huyu mtoto amewaona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoiandika historia ya panki kwa majina ya wanaume. Wale waliimba juu ya malkia, serikali na ghasia za barabarani, na nyimbo zao nazipenda. Poly aliimba juu ya sabuni, mswaki, mfuko wa plastiki na kijana anayefanya kazi Woolworths. Woolworths ya Brixton ndimo tulimonunua sufuria zetu. Kwetu mfuko wa plastiki ulikunjwa ukawekwa chini ya sinki, tena na tena, mpaka pakawa na mlima. Hakuna mwimbaji mwingine wa miaka ile aliyeingia ndani ya nyumba za watu kama zetu akaziona kazi zinazofanyika humo kuwa jambo la kuimbiwa kwa nguvu zote.

Kundi lilivunjika 1979. Poly alikuwa ameanza kuumwa; baada ya onyesho moja Doncaster alisema ameona mwanga wa waridi angani. Alilazwa, akaambiwa ana skizofrenia, na ni mwaka 1991 tu ndipo ilipothibitishwa kuwa ugonjwa wake ni ule wa hisia kupanda na kushuka, baipola. Mimi mwenyewe niliishia kuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, na nimewaona wanawake weusi na machotara wakipewa jina la ugonjwa kwa haraka namna ile ile, kwa kuwa wanasema kwa sauti. Inaniuma kila ninapoukumbuka wimbo wake "Identity", wa msichana anayejitafuta kwenye kioo na kwenye televisheni. Aliuimba kabla ya kulazwa. Watu waliucheza.

Alifariki Aprili 25, 2011, kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 53, mwezi mmoja tu baada ya kutoa albamu yake Generation Indigo. Niliipata habari redioni nikiwa natoka zamu, nikakaa ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu.

Mwaka 2021 binti yake, Celeste Bell, pamoja na Paul Sng, walitoa filamu juu ya maisha yake. Niliitazama nyumbani na binti yangu, ambaye hadi siku ile aliijua santuri ile kama kelele za mama yake za Jumamosi. Yule mtoto alipokuwa akisimulia jinsi ilivyo kuwa na mama mwenye kipaji anayeugua, wangu hakusema lolote. Filamu ilipoisha aliitoa santuri kwenye jalada lake yeye mwenyewe, akaishika kwa pembe kama nilivyomfundisha, akataka kujua ni wimbo upi bibi yake alikuwa akiupenda. Nikamwelekeza upande wa pili, wimbo wa nne. Akaupita. Akaanza na "Art-I-Ficial", upande wa kwanza, akafungua sauti mpaka jirani wa chini akagonga.