Geuza kola uone lebo

Wasee, kuna kitu kinanisumbua wacha nikitoe. Nimevaa hudi ya Supreme karibu mwaka mzima. Niliitoa soko hapa Eldoret kwa 1,800, na tuambiane ukweli, ni feki.

Juzi nikakutana na jamaa amevaa tisheti nzito, mshono safi. Nikamuuliza ni ya wapi. Akageuza kola, lebo ina jina lake mwenyewe. Anachora kwa simu, anachapisha usiku, na mathe mmoja fundi ndiye humshonea. Bei? 1,500.

Unajua nilimwambia nini? “Boss, nipe moja bure, nitakupost.”

Akacheka. “Na hiyo Supreme, nayo ulipewa bure?”

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Tangu hapo nasoma lebo kama mtu wa ushuru. Nikawapata Suave wa Nairobi, ya Mohamed Awale, wanaoshona mabegi kwa nguo za mitumba kutoka Gikomba. Halafu hapa kwetu kuna Rivatex, kile kiwanda kilianguka, Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua 2007. Kitambaa kinafumwa mjini kwetu, na mimi natembea na jina la New York kifuani! Aibu, bana.

Ijumaa nilirudi kwa yule jamaa nikalipa 1,500 yote. Nilitaka kumpiga mathe picha pia, akakataa uso wake usionekane. Kwa hivyo mtaona mikono yake tu, na cherehani.