Safari ya Kampala: Mzee Alivyokutana na Omweso Katwe

Mwezi uliopita wenzangu waliniomba niandike habari za safari yangu ya Kampala. Najua wengi mnangoja niwaeleze maghorofa na maduka makubwa. Hayo yapo, nimeyaona. Lakini mimi nimerudi na habari ya ubao wenye mashimo 32, na ndiyo nitakayowapa.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mzee, baba yangu. Mnaomjua hapa Rwamwanja mnajua kwamba macho yake yalianza kuingia ukungu, mpaka ikawa anawatambua watu kwa sauti tu. Kwenye kituo cha afya walisema ni mtoto wa jicho, wakatupa karatasi twende hospitali ya Kampala. Mzee alikubali safari, ila upasuaji akakataa kabisa. "Nitaenda kumsalimia mwanangu Kampala, basi. Kisu kwenye jicho, hapana." Tukaondoka hivyo hivyo, watu watatu: Mzee, mimi, na kijana wangu wa miaka 11, ambaye siku hizo ndiye alikuwa fimbo ya babu yake.

Tuliondoka alfajiri. Tulipofika kwenye barabara kuu inayotoka Fort Portal tukapata basi, tukapita Kyegegwa, Mubende, Mityana. Kila basi liliposimama, watu walikimbilia madirishani na mishikaki, ndizi za kuchoma, maji na soda. Kijana alikuwa anamsomea babu yake vibao vya barabarani, na Mzee anauliza, "Bado Kampala?" Tukaingia kwa njia ya Busega na Natete, na hapo ndipo nikajua maana ya foleni. Kutoka Busega hadi mjini tulitumia muda ambao ungetosha kupika maharage yakaiva.

Katwe, chini ya kilima cha Mengo

Kampala ni mji wa vilima. Kilima cha Namirembe kina kanisa kuu la Waanglikana, Lubaga kina la Wakatoliki, Kibuli na Old Kampala vina misikiti mikubwa, na Mengo kuna Lubiri, jumba la Kabaka wa Buganda. Watu wenye nafasi hukaa juu. Sisi wengine tunakaa bondeni, ambako mvua yote ya vilimani inateremkia.

Ndugu yangu mdogo anapanga chumba kimoja Katwe, karibu na wahunzi. Toka asubuhi ni nyundo tu: watu wanatengeneza masufuria, majiko ya makaa, milango ya chuma, masanduku ya wanafunzi. Chuma kilichotupwa mahali pengine, Katwe kinapata kazi. Wakongomani wako wengi pale na mitaa ya jirani kama Nsambya na Makindye, hata ukienda kununua sombe unaulizwa kwa Kiswahili. Lakini maisha si rahisi. Anayeishi mjini hana shamba kama letu huku kambini. Chumba, maji, mkaa, vyote ni pesa, na mwenye nyumba hajui habari ya mwisho wa mwezi mgumu.

Katwe pia ndiko alikokulia Phiona Mutesi, yule msichana aliyejifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende. Watoto walikuwa wanakwenda kwa Katende wakijua kuna mchezo na kuna kikombe cha uji. Phiona alifika hadi mashindano ya dunia kule Urusi mwaka 2010, na mwaka 2016 ikatoka sinema ya maisha yake, *Queen of Katwe*, iliyoongozwa na Mira Nair. Ndugu yangu alituonyesha vichochoro vile na kumwambia kijana wangu, "Unaona? Alianzia hapa hapa kwenye matope." Kijana hakujibu kitu, lakini nilimwona anatazama.

Sauti ya kete

Siku ya pili jioni tulikuwa tunarudi chumbani, Mzee kashika bega la kijana. Ghafla akasimama katikati ya njia, bodaboda wakampigia honi.

"Mnasikia?" akauliza.

Mimi nilisikia nyundo tu.

"Igisoro," akasema. "Kuna mtu anapanda kete."

Kweli, chini ya mwembe, nyuma ya banda la mhunzi, wanaume kama sita walikuwa wamezunguka ubao. Wenyewe wanauita omweso. Kete zao wanaziita empiki, nazo ni mbegu ngumu za mmea wa porini, zinazong'aa kwa kushikwa mno.

Hapa lazima niwaambie kitu. Kwetu Rutshuru, Mzee alikuwa bingwa. Kila jioni alicheza na jirani yetu mmoja, mwaka hadi mwaka, mpaka wake zao wakawa wanapeleka chakula pale pale kwenye ubao. Mwaka 2012 vita vilipotukimbiza, tulivuka mpaka Bunagana. Jirani yule hakuvuka. Tulipofika mji wa Kisoro, Mzee alisikia jina la mji akasema, "Nimeacha igisoro nyumbani, nimeletwa Kisoro." Tulicheka kidogo. Toka siku hiyo hakugusa ubao tena. Hapa kambini watu walimwalika mara nyingi, naye akasema amesahau.

Sasa pale Katwe akamwambia kijana, "Nipeleke."

Mwenye ubao alikuwa mzee wa Kiganda, fundi wa majiko. Alimtazama baba yangu, akaona macho yale meupe, akavuta kigoda. "Tuula wano, ssebo." Kaa hapa, bwana. Baba yangu hajui Kiganda, na mzee yule Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, punguza, asante. Lakini Mzee aliweka mkono juu ya ubao, akapitisha vidole shimo kwa shimo, mistari minne, nane nane, na nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua mzigo.

Hawakucheza dakika tano ikatokea kelele. Mzee alicheza kurudi nyuma, fundi akamzuia mkono. Kila mmoja akaanza kueleza kwa lugha yake, sauti zinapanda, mikono inaruka. Mimi nikaogopa, maana mgeni hafai kugombana mtaani kwa watu. Kumbe tatizo lilikuwa dogo. Kwa igisoro mashimo yanayoruhusu kurudi nyuma si yale ya omweso. Kijana mmoja aliyejua Kiswahili vizuri akaingia kati: "Wazee, sikilizeni. Mchezo wa kwanza kwa sheria za mwenye nyumba. Wa pili kwa sheria za mgeni." Wakakubali wote wawili. Kumbe hilo ndilo tu lililokosekana mwanzoni.

Mchezo wa kwanza Mzee akapigwa. Fundi alikula kete za ncha zote mbili za ubao kwa mkono mmoja, watazamaji wakapiga kelele "emitwe-ebiri!", yaani vichwa viwili, na hapo mchezo umekwisha bila kusubiri zaidi. Wa pili Mzee akashinda. Alikuwa anahesabu kwa ncha za vidole, haraka hata wenye macho wakachelewa. Wa tatu ukakatwa na mvua, na Katwe mvua ikinyesha huulizi, unainua vitu vyako juu.

Tulijibanza bandani. Ndipo fundi akamwambia yule kijana atafsiri. Alisema hata yeye alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote. "Niliogopa kama mwizi. Lakini kisu hukioni. Wanakutia dawa, jicho linakufa ganzi, unasikia tu wanaongea. Wanatoa kile kioo kilichochafuka, wanaweka kipya." Halafu akamgeukia baba yangu moja kwa moja. "Ukikataa, sichezi na wewe tena. Nikikushinda, watu watasema nimemshinda kipofu. Ukinishinda wewe, hiyo ni aibu mara mbili."

Banda zima likacheka. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nimembembeleza miezi mitatu, na ndugu yangu naye kwa simu, na padri pia. Usiku ule, tumelala sakafuni wote, nikamsikia anasema gizani, "Ile karatasi ya hospitali umeitunza?"

Jinsi ya kucheza nyumbani

Huhitaji pesa. Chimbeni mashimo 32 uani, mistari minne ya mashimo nane. Kete ni 64, kila mtu 32. Mahindi, maharage, au vijiwe vinatosha. Watu wa pwani na Zanzibar wana bao lao, nalo pia lina mashimo 32 na kete 64, lakini sheria zake ni nyingine. Omweso kwa anayeanza ni hivi:

Mistari miwili iliyo upande wako ni yako. Weka kete nne nne katika mstari ulio karibu nawe kabisa. Wazoefu hujipangia wenyewe watakavyo, lakini watoto waanze hivyo.

Chukua kete zote za shimo lako moja, lenye kete mbili au zaidi, uzipande moja moja. Mstari wa karibu yako unakwenda kulia, ukifika mwisho unapanda mstari wa mbele na kurudi kushoto. Unazunguka kwako tu.

Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zichukue zote uendelee. Ikiangukia shimo tupu, zamu yako imekwisha.

Kula ni hivi: kete yako ya mwisho iangukie shimo lenye kete katika mstari wako wa mbele, na mashimo mawili ya mwenzako yanayoelekeana nalo yote yawe na kete. Hapo unakula yote mawili, na kete hizo unazipanda kwako kuanzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Mwenzako akiwa na shimo moja tupu kati ya hayo mawili, huli. Ndiyo maana wajanja huacha mashimo matupu mbele ya adui.

Mashimo manne ya mwisho upande wako wa kushoto yanaruhusu kwenda kinyume, ila tu kama utakula kwa kufanya hivyo.

Ambaye hana tena shimo lenye kete mbili, ameshindwa.

Kwa watoto wadogo mchezo huu ni somo la hesabu bila daftari. Kijana wangu, ambaye kujumlisha kulikuwa kunamtoa machozi, sasa anatazama shimo lenye kete tisa na kukuambia papo hapo ya mwisho itaangukia wapi.

Tuliporudi

Mzee alifanyiwa jicho la kulia. Siku walipomfungua bandeji alimtazama mjukuu wake muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe umefanana na mama yako. Sauti ilinidanganya." Kesho yake jioni akataka apelekwe kwenye mwembe. Akapigwa mara tatu mfululizo! Alirudi amenuna, anasema macho yanamchanganya, zamani vidole vilikuwa vinahesabu peke yao. Fundi alimpa zawadi ya kete 64 ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akatuambia tuseme neno moja tu: arudi kwa jicho la pili.

Sasa uani kwetu kuna mashimo 32. Jioni anakuja Mrundi, anakuja Mnyarwanda, wanakuja Wakongomani wa huku na huku, na kila mmoja anasema mchezo huu ni wa kwao. Wote wanasema kweli. Wiki ya kwanza tuligombana kama wale wazee wa Katwe. Siku hizi kabla ya kete ya kwanza Mzee anauliza kwa sauti, "Leo sheria za nani?" Wakishakubaliana, ndipo anaanza. Wanawake pia tumeanza kukaa kwenye ubao. Zamani tulikuwa tunaleta chakula tu, sasa wao nao wajifunze kukileta.

Wazazi, simu na redio ni vizuri, lakini jaribuni jioni moja na vijiwe vyenu. Ambaye ana mzazi mwenye ukungu machoni, msikate tamaa kumsemesha. Pengine hatawasikia ninyi watoto wake, atamsikia mzee mwenzake. Mtafuteni huyo.

Na mkipita kwetu jioni mkamkuta Mzee amefumba macho mbele ya ubao, msidhani amelala. Ukiona hivyo, ujue anakaribia kushinda.