Fomu Niliyoificha

Msichana niliyekuwa nikimfundisha mbio alibanwa na pumu Jumapili usiku, wiki moja kabla ya mbio za nusu marathoni. Tulikuwa Iten, baridi ya Julai. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, kaniegemea begani kwenye teksi, kifua kikilia kama filimbi. Wakampa prednisoloni: vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi, kwa siku 5.

Jumatatu akaja na karatasi aliyoichapisha saiba: fomu ya kuombea kibali cha kutumia dawa iliyokatazwa, kwa sababu ya ugonjwa. Sehemu yake ameshaijaza kwa kalamu ya buluu. Imebaki ya daktari. "Kocha, hii dawa iko kwenye orodha," akaniambia. Nikamwambia aniachie, nitashughulikia. Nikaitia kwenye droo.

Nilikuwa na kinyongo cha miaka. Mwaka 2016, wadukuzi walipoiba faili za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, na kuanika vibali kama hivyo vya akina Simone Biles wa mazoezi ya viungo na Bradley Wiggins wa baiskeli, mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote pale hotelini tunapokunywa chai: nchi tajiri zinaiba kwa stakabadhi! Biles alieleza wazi kwamba ana tatizo la umakini, ADHD, na ametumia dawa tangu utotoni. Sikumsikiliza. Sheria yetu ya kupambana na pufya ilitungwa mwaka huohuo, Wakenya wakawa wananaswa mmoja baada ya mwingine, nami nikajiaminisha kwamba ukiomba kibali umeshajitia doa. Kumbe ombi husomwa na madaktari kwa siri, na aliyetibiwa kwa dharura anaweza kuomba hata baada ya kumeza. Msichana alijua hayo yote. Mimi, kocha, sikutaka kujua.

Hata hesabu ilinishinda. Vidonge hivyo vimekatazwa wakati wa mashindano tu, na mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mbio. Inashauriwa siku 3 zipite tangu kidonge cha mwisho. Cha kwake alikimeza Ijumaa. Mbio zilikuwa Jumapili. Ningemwondoa tu kwenye orodha ya wakimbiaji, lakini nilikuwa nimeshaanza kuzitumia kichwani pesa za zawadi.

Akamaliza wa tatu. Kwenye chumba cha wapimaji niliketi kando yake kama mwakilishi wake. Mkojo ukagawanywa, chupa A na B zikafungwa, kisha akafika kwenye nafasi ya kuandika dawa ulizotumia siku 7 zilizopita. Akanitazama, kalamu ikiwa hewani. Nikatikisa kichwa. Akaandika "hakuna".

Vipimo vikaionyesha dawa. Alipoitwa mbele ya jopo kujitetea alisema kocha wake alijua. Nami nilipoulizwa nikasema sijui lolote, wasichana hawa hujinunulia dawa wenyewe madukani. Daftari la zamu ya usiku hospitalini lilikuwa na jina lake na neno "pumu", basi. Wakamfungia miaka 2. Tulipotoka, mama yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante kwa kuja, mwalimu."

Jana nimeitoa ile fomu. Jina la dawa ameliandika bila kosa, dozi pia, na chini kuna sahihi yake na tarehe ya Jumatatu ile. Nimeitia kwenye bahasha pamoja na maelezo haya, kwa jopo lilelile. Adhabu yake imebakiza miezi 5.