Kidonda cha dhamiri: mvuvi anapojihukumu mwenyewe

Waliozoea makala zangu wanajua kwamba huwa naandika juu ya kukausha dagaa kwenye chanja, kutunza barafu au kupima macho ya nyavu. Leo naomba mnivumilie. Nina jambo nimelibeba muda mrefu, na naamini linamhusu mvuvi, mkulima, hata sisi maafisa ugani.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi hapa hapa Somanga. Mabasi yalikwama pande zote mbili. Siku moja jioni nilikuwa diko nikiorodhesha vyombo vilivyoharibika, akaja mzee mmoja amebeba furushi la nyavu begani. Nilimtambua. Alikuwa nahodha katika kijiji kingine cha pwani hii, nilikokuwa nikifanya kazi zamani. (Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike, na mwenyewe ameniruhusu kuandika.)

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, bwana samaki. Nimeleta nyavu. Wagawie waliopoteza za kwao."

"Na wewe utavulia nini?"

"Mimi nimemaliza."

Kwanza nilishukuru, nikaona ni ukarimu. Tulipokaa akaniambia ameshalipa madeni yote, hata deni la chumvi la miaka mingi, na amewapitia watu kuwaomba radhi. Kisha akasema neno lililonishtua: "Mahakama ilinihukumu, nikatumikia. Mimi mwenyewe bado sijajihukumu."

Hapo inabidi nirudi nyuma. Uvuvi wa baruti umekatazwa kwa sheria tangu 1970, lakini kwa miaka mingi ulikuwa ukisikika pwani yetu yote, pamoja na maji ya Songo Songo. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wachanga na kuvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kuota tena. Hayo nimeshawaandikia sana. Ambayo sijawahi kuandika ni yale baruti inayomfanyia mtu.

Nahodha huyu alivua kwa baruti. Asubuhi moja alimpa mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 17, airushe yeye. Haikufika majini. Kijana alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mjomba alikamatwa, akafungwa, akatoka.

Na mimi? Nilikuwa afisa wa eneo lile. Milio ile niliisikia alfajiri nyingi kabla ya siku hiyo. Niliogopa, maana nilikuwa mgeni, nimepanga chumba katikati ya watu hao hao. Kwenye taarifa ya mwezi niliandika: "Hali ni shwari." Niliandika hivyo miezi minne mfululizo. Mwezi wa tano tukamzika kijana.

Sasa pale diko, nikamwambia nahodha maneno ambayo wengi wetu tungeyasema: "Ni kazi ya Mungu, mzee wangu. Usijilaumu."

Akatikisa kichwa. "Bwana samaki, nilimpa kwa mkono huu. Usimsingizie Mungu."

Nilinyamaza. Baadaye nilipojisomea ndipo nikaelewa kwa nini maneno yangu hayakumsaidia. Daktari mmoja wa akili wa Marekani, Jonathan Shay, aliwatibu askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam, na mwaka 1994 akatoa kitabu juu yao. Aliona kwamba wengine hawakuumizwa na hofu peke yake. Waliumizwa kwa sababu lililo haki lilisalitiwa, tena na wakubwa wao. Mwaka 2009 Brett Litz na wenzake walilipanua wazo hilo: mtu anaweza kujeruhiwa na jambo alilolitenda mwenyewe, aliloshindwa kulizuia, au alilolishuhudia, ikiwa linapingana na kile anachokiamini kuwa ni haki. Mimi naliita kidonda cha dhamiri.

Tofauti yake na hofu ni hii. Aliyenusurika kuzama anaiogopa bahari, akiota usiku anaota maji. Mwenye kidonda cha dhamiri anajiogopa na kujichukia yeye mwenyewe. Haoni kwamba amepatwa na ubaya, anaona kwamba yeye ndiye ubaya. Ndiyo maana anajitenga, anaacha kula na wenzake, wengine wanaacha hata kwenda msikitini kwa kuona hawastahili. Hatari inakuja pale anapoanza kuamini kwamba kifo chake ni haki, kwamba ni deni la mwisho la kulipa. Si kila mwenye kidonda hiki hufikia huko, na si kila anayefikiria kujiua ana kidonda hiki. Lakini ukimfariji mtu wa namna hii kwa kumwambia hana kosa, huku yeye analijua kosa lake, anaona hujamsikia. Anarudi kwake akiwa peke yake zaidi.

Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kukosea:

1. Zijue dalili. Kugawa zana za kazi, kulipa madeni yote ghafla, kuaga aga, kusema "mimi nimemaliza" au "bila mimi mtapumzika". Ukiona utulivu wa ghafla kwa mtu aliyekuwa na mzigo mzito, usiharakishe kufurahi.

2. Uliza waziwazi. Mimi niliuliza: "Nahodha, unafikiria kujiua?" Ulimi ulikuwa mzito. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unamtia wazo, lakini sivyo. Kuulizwa humpa mtu nafasi ya kuutua mzigo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ndiyo."

3. Usimwache peke yake, na mwondolee vitu vya hatari. Usiku ule alilala kwangu, na sikumruhusu aingie baharini peke yake. Wavuvi wengi wa Kilwa pia wana shamba la korosho au ufuta, na viuatilifu hukaa chini ya kitanda. Wekeni kwenye kasha lenye kufuli, ufunguo akae nao mtu mwingine. Hili si dogo. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita, na mtu akivushwa usiku huo anaweza kuishi miaka mingi.

4. Msikilize bila kumfuta kosa na bila kumuongezea. Nilipokosa la kusema nilimwambia ukweli wangu: "Na mimi niliisikia ikilia, nikaandika hali ni shwari." Ndipo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza jioni ile. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri.

5. Mpeleke kwa wataalamu. Anza na zahanati iliyo karibu, nao watatoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Imamu, padri au mzee anayeaminika ni msaada mkubwa, lakini hachukui nafasi ya mganga. Tulikwenda naye asubuhi ile ile.

6. Baadaye, mtafutieni njia ya kutengeneza. Mwenye kidonda hiki anataka kulipa. Basi alipe akiwa hai.

Nahodha alikwenda kwa dada yake pamoja na wazee wawili. Mara ya kwanza dada hakumfungulia mlango, na hatukumlaumu. Mara ya tatu alifungua. Hakusema amesamehe. Alisema, "Mdogo wake anahitaji sare za shule." Tangu siku hiyo, kila akigawa mapato ya chombo, anatenga fungu moja la mtoto yule. Nyavu zake nilimrudishia, na anavua kwa halali.

Mimi nilikwenda kwa mkubwa wangu wa kazi nikamweleza zile taarifa nne. Nilipewa onyo, na nilistahili. Siku hizi nikisikia jambo naliandika kama nilivyolisikia.

Kuna jambo moja bado linatukwamisha. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo familia huficha na mgonjwa hachukuliwi hospitali mapema. Wenzetu wa Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilisema kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Sheria ni kazi ya wenye mamlaka, lakini kuficha tunaweza kuacha sisi wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani. Wengi wao walikuwa na jirani aliyekuwa akiwaona kila siku.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujakagua nyavu, mkague mwenzako wa chombo. Yule aliyekaa pembeni tangu ajali, tangu ugomvi, tangu kifungo. Kaa naye chini ya mwembe, umuulize, kisha unyamaze umsikilize. Na kama mwenye mzigo ni wewe, njoo diko. Ukinikuta nahesabu samaki, niambie niache. Nitaacha.

Makala ijayo tutarudi kwenye chanja za dagaa, inshallah.