Tunapotoka Makumbusho ya Majimaji, tunarudi na nini?

Kutoka Kitai hadi Songea mjini si mbali, na vikundi vya parokia na shule huenda kuona Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Tukirudi tunahesabu waliokwenda na picha zilizopigwa. Lakini je, hivyo ndivyo tunavyojua kwamba ziara imetufaa?

Pale kuna kaburi la pamoja la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa baadaye. Ukoo wake unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha.

Mbele ya kaburi hilo hatusikii wote jambo moja. Mwenzetu wa ukoo wa Gama husikia jina la babu yake. Mmatengo hukumbuka kwamba wazee wake walikimbilia milimani kwa sababu ya vita vya Wangoni hao hao. Nasi sote ni Wakatoliki tulioipokea imani kwa mikono ya Wabenediktini kutoka Ujerumani. Mwaka 1905 misioni ya Peramiho ilichomwa moto, naye Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa wakiwa safarini. Kisha baadhi ya Wangoni waliohukumiwa kifo walibatizwa na padre kabla ya kunyongwa. Tuuelewe vipi ubatizo uliotolewa karibu na kitanzi? Swali hili ni zito, na anayerudi nalo amepata zaidi ya anayerudi na picha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kabla ya kwenda, kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani: sisi tulikuwa wapi wakati wa Majimaji? Tukifika, tunyamaze kidogo kaburini na kuwaombea marehemu wote, walionyongwa na wamisionari waliouawa. Baada ya majuma mawili, tukutane katika jumuiya ndogondogo, kila mmoja aseme jambo moja ambalo bado linamsumbua au kumfariji.

Asiyekuwa na la kusema tusimlaumu. Pengine tulimpitisha haraka mno. Mwenye la kusema tumsikilize, hata kama maneno yake yanatuuma. Kumbukumbu ya mashujaa hufanyika Songea kila Februari. Tuanze kuwauliza wazee wetu sasa, wangali nasi.